Nilichokikuta Ndani ya Nyati

Kazi yangu ya kwanza katika uwindaji wa kitalii ilikuwa ya kisu. Bunduki zilikuja baadaye. Mwaka 1981 nilichukuliwa kuwa mchunaji katika kambi moja ya Rungwa, upande wa Itigi nilikozaliwa. Serikali ilikuwa imesimamisha uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978, na watu wanaojua kuchuna ngozi ya kwenda kutundikwa ukutani Ulaya walikuwa wa kutafutwa. Baba alikuwa na gobore. Nilichokijua mimi kuhusu risasi ni kwamba mtu anashindilia baruti kwa mti, anatia vipande vya nondo, kisha anamwomba Mungu.

Mchunaji huona asichokiona mpigaji. Mwenye bunduki anamwona mnyama akianguka au akikimbia, habari yake inaishia hapo, na jioni motoni ataisimulia apendavyo. Sisi tulikuwa tunafungua. Tulijua risasi imeingilia wapi, imevunja nini, imekomea wapi, na imefika nzima au vipande. Bosi wangu, mwindaji bingwa mwenye asili ya Kigiriki aliyezaliwa Iringa, alitaka kila kichwa cha risasi kilichobaki mwilini kiletwe mezani kimeoshwa. Aliyekipata alipewa sigara. Mimi sivuti, kwa hiyo nikaomba nipewe vichwa vyenyewe. Niliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kila kimoja kimeviringishiwa karatasi yake: mnyama gani, umbali gani, bunduki gani. Msimu ukiisha nilishuka Makongolosi kwa mnunuzi wa dhahabu tuliyefahamiana, tukavipima kwenye mizani yake. Alidhani nina wazimu, lakini mizani ya dhahabu haikosei.

Bunduki nyingi za kambi zilikuwa .375. Sheria yetu haimruhusu mtu kumwendea nyati, simba wala tembo na kitu kidogo kuliko hiyo, na wageni walikuja nayo hata pale walipopenda nyingine. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912. Inatupa kichwa cha greni 300, yaani gramu 19 na ushei, kwa mwendo wa kama mita 770 kwa sekunde. Ganda lake ni refu na linapunguka kidogo kidogo kuelekea mdomoni kama karoti. Umbo hilo lina sababu zake. Baruti ya Waingereza wa wakati ule, kodaiti, ilikuwa ikipandisha presha kwenye joto, na bunduki hizo zilitengenezwa kwa ajili ya India na Afrika. Wakalipa ganda nafasi kubwa na presha ndogo, wakalipunguza upana ili likishafyatuka liachane na kuta za chemba mara tu bolti inapovutwa. Mtu aliyesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa anahitaji ganda linalotoka.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 80 Wamarekani walianza kuja kwa wingi, na baadhi yao walikuja na bunduki zilizopanuliwa chemba kwa mtindo wa P.O. Ackley. Ackley alikuwa fundi bunduki wa Marekani aliyefariki mwaka 1989, mtu wa majaribio kwelikweli. Mtindo wake si mgumu kuuelewa. Unachukua bunduki ya kawaida, tuseme .30-06, unaipanua chemba ili kuta ziwe karibu wima na bega la ganda liwe kali, nyuzi 40. Kisha unatia risasi ya dukani, ileile ya kawaida, unafyatua. Shaba inatanuka na kuijaza chemba mpya. Ganda linatoka na umbo jipya, unaliokota, unakwenda nalo nyumbani kulijaza baruti nyingi zaidi ya mwanzo.

Werevu wake uko hapo: risasi ya dukani bado inapigika katika bunduki hiyo. Niliwahi kumwona mgeni aliyepotezewa sanduku la risasi njiani akiwinda safari nzima kwa risasi za kawaida tulizomtafutia, na hakupungukiwa kitu. Bunduki nyingi za mitindo mipya hazina huruma hiyo.

Swali ni hiyo baruti iliyozidi inanunua nini. Bosi alinifundisha hesabu yake kwa penseli juu ya boksi la risasi. Ukiongeza nafasi ya baruti kwa asilimia fulani, na presha ikabaki palepale, mwendo unaongezeka kwa takribani robo ya asilimia hiyo. Ganda la .30-06 likipanuliwa linapata nafasi ya ziada ya kama asilimia sita au saba. Robo yake ni moja na nusu hivi. Kwa risasi ya greni 180 inayotoka kwa mita 820 kwa sekunde, faida ni mita 12 au 13. Wageni walikuwa wakitutajia 30, wengine 45. Zilizobaki zilitoka wapi? Zilitoka kwenye presha, na presha mtu angeweza kuipandisha hata bila kupanua chochote.

Hata tukimpa mgeni hizo 30 zake zote, bunduki ikilengeshwa mita 200, tofauti ya kushuka kwa risasi ifikapo mita 300 ni kama sentimita mbili. Katika miombo ya Rungwa, kwenye mitundu na mininga, mita 100 ni mbali. Nyati tulikuwa tunawapiga kwa hatua 60, hata 40.

Oktoba moja alikuja bwana kutoka Montana na .375 iliyopanuliwa hivyo. Wakati huo nilikuwa nimeshatoka kwenye kisu na kuwa mbeba bunduki. Bwana huyo alikuwa mpigaji mzuri na mtu mstaarabu. Risasi zake alizijaza mwenyewe, kwao, wakati wa baridi, akazijaribu hukohuko kwenye theluji. Kwetu Oktoba jua linachoma hadi mbung'o wanatafuta kivuli chini ya gari, na boksi lake lilikuwa limekaa asubuhi nzima juu ya dashibodi. Tulilikuta kundi la nyati kwenye mbuga kavu. Akampiga dume begani, pigo safi. Dume likageuka kuingia kichakani, yeye akavuta bolti apige la pili, bolti ikakataa. Akavuta tena kwa mikono miwili. Bosi akamaliza kwa .458 yake, dume likalala ukingoni mwa kichaka.

Bwana alikaa chini akiigonga bolti kwa kisigino cha buti. Mfuata nyayo wetu, mzee wa Kikimbu aliyekuwa akimsikiliza mgeni huyo kila jioni kupitia tafsiri yangu, alichuchumaa pembeni, akaitazama kazi ile kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, muulize bwana: hizo mita zake zilizozidi, hawezi kuzitumia kufungulia?" Sikutafsiri. Mgeni aliona tunavyojizuia, akacheka mwenyewe.

Kilichomkuta kina maelezo. Kuta zilizo wima zinalishika ganda vizuri kwenye chemba, na Ackley alijivunia jambo hilo. Aliwahi kulionyesha kwa kufyatua Winchester 94 ya .30-30 iliyopanuliwa huku ameondoa kipande kinachofunga bolti. Lakini kushika huko huko kunaficha dalili. Katika ganda la kawaida presha ikizidi bolti inaanza kuwa nzito mapema, mtu anaonywa. Katika hili lililopanuliwa hali inaonekana shwari mpaka presha iwe imekwenda mbali sana, na Montana katika theluji bolti ya bwana yule ilikuwa laini. Joto la Rungwa likaongeza kilichobaki.

Jioni nilichukua kisu changu cha zamani nikaenda kwa wachunaji. Risasi ya yule bwana ilikuwa imevunja bega la kwanza, ikapita mapafuni, ikakomea chini ya ngozi ya upande wa pili. Imetanuka kama inavyotakiwa. Nililinganisha na vichwa vya aina hiyohiyo vilivyotoka kwenye .375 za kawaida, na nikavichanganya makusudi mezani. Bosi alishindwa kukibagua. Mimi pia nisingeweza, bila karatasi.

Sasa nisionekane nachukia kila kilichoboreshwa. Kuna maganda mawili ya zamani ambayo yalistahili kupanuliwa, na la kwanza ni .300 ya Holland, ya mwaka 1925. Hilo limepunguka sana na bega lake limelala, kwa hiyo ndani mna nafasi nyingi iliyopotea bure. Roy Weatherby alilipanua mwaka 1944, na tofauti ya mwendo kati ya ganda la zamani na la kwake, kwa kichwa cha greni 180, ni karibu mita 100 kwa sekunde. Kwa mtu anayepiga pofu kwenye uwanda mpana, hizo ni mita za kuhesabika.

Nazo zilitufundisha jambo jingine. Vichwa vingi vilivyokuja vipande kwenye kopo langu vilitoka kwenye bunduki za mbio namna hiyo, zilipopigwa karibu. Kichwa kilichotengenezwa kwa mwendo wa wastani kikimgonga korongo begani kwa hatua 50 kikiwa bado kina mwendo wake wote, kinapasuka pale pale. Tulikuta jeraha kubwa kama bakuli, halijafika kwenye moyo, na mnyama tumemfuata nusu siku. John Nosler yalimkuta hayohayo mwaka 1946 huko Kanada, akiwa na .300 ya Holland, mbele ya mnyama mkubwa wa nchi za baridi wanayemwita moose, aliyegandamana na matope: risasi zake zilivunjika bila kuingia ndani. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, sehemu ya mbele itanuke, ya nyuma ibaki nzima. Alianza kukiuza mwaka 1948. Baadaye vikaja vya shaba tupu visivyo na madini ya risasi ndani, kampuni ya Barnes ikiwa ya mbele.

Mizani ya Makongolosi iliona mapinduzi hayo kabla yangu. Vichwa vya kawaida vilirudi na nusu ya uzito wake, vingine chini ya hapo. Vya Nosler vilirudi na theluthi mbili hivi. Vile vya shaba tupu, mnunuzi wa dhahabu alivipima mara mbili akidhani nimemletea vipya: vilikuwa karibu na uzito wa dukani. Ndiyo maana mgeni akiniuliza kama aipanue .375 yake, humwambia pesa hizo anunulie risasi zenye kichwa bora, na zikibaki anunue nyingine za mazoezi. Bell, yule aliyewinda tembo Karamoja, aliua mamia kwa 7x57, kitu ambacho leo sheria ingemnyang'anya. Alipasua mafuvu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Hakupanua chemba ya mtu.

Ganda la pili lililostahili kupanuliwa ni .458. Winchester walilitoa mwaka 1956 na kulikata fupi ili liingie kwenye bunduki za urefu wa kawaida. Kichwa cha greni 500 kinahitaji baruti nyingi, na mle ndani hapakutosha. Ikashindiliwa, na baruti iliyoshindiliwa kwa miaka inaweza kushikana donge. Mwendo ulioandikwa kwenye boksi na uliotoka mtutuni havikuwa kitu kimoja. Mmarekani Jack Lott aliumizwa vibaya na nyati Msumbiji mwaka 1959, akaja na ganda refu zaidi, la milimita 71 badala ya 63 na nusu. Linafikisha mita 700 kwa sekunde bila kushindiliwa sana. Na kama za Ackley, chemba ya Lott inapiga risasi za .458 za kawaida.

Nilipofaulu mtihani wa mwindaji bingwa katikati ya miaka ya 90, bosi aliniuzia .458 yake kwa bei ya mtu na mwanawe. Ilikuwa imejengwa juu ya mwili mrefu, ule wa .375, kwa hiyo magazini ilikuwa na nafasi. Niliipeleka Afrika Kusini ikapanuliwe kuwa Lott, kwa vibali vilivyochukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Fundi alinitoza pesa ya mbuzi kadhaa. Teke lake lilizidi. Msimu wa kwanza bega langu la kulia lilikuwa la bluu, na mke wangu aliuliza kama wageni wananipiga. Kitako tukakiwekea mpira mnene. Nilikuwa na maboksi ya risasi fupi za bosi, mengine ya zamani sana, baruti ndani imeshaanza kushikana. Sikuthubutu kuingia nazo kichakani. Niliwapa vijana waliokuwa wanajifunza kazi, wakazimalizia kwenye makatoni nyuma ya kambi, kwa bunduki hiyohiyo, wakilalamika mabega.