Waya wa Mita 20

Juni 2025 Baba aliniomba kitu kimoja tu: amwone Faith Kipyegon akikimbia maili moja kule Paris, kwenye TV yake, akiwa kwenye kiti chake. Si kwenye simu ya mtu. Mbio zenyewe zilikuwa zinaonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, na TV yetu ni ya zamani, haijui mtandao ni nini. Intaneti na kompyuta (tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili alivyosisitiza hadi siku ya KCSE) viko chumbani kwangu, kile cha mabati nyuma ya jikoni, ng'ambo ya uwanja.

"Si wewe unafanya kazi ya kompyuta?" Baba akasema. "Basi hii ni kazi ndogo."

Alinichoma bila kujua. Kazi ya kompyuta ilikuwa imeisha wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nasikiliza mikutano ya watu wa mbali na kuiandika neno kwa neno, nalipwa kwa dakika za sauti. Kisha programu ikaanza kuandika yenyewe, sisi tukabaki kusahihisha kwa nusu ya malipo, halafu akaunti yangu ikafungwa. Sikumwambia mtu nyumbani. Kila asubuhi nilifunga mlango, nikawasha kompyuta, na saa nne Mama akaniletea chai "kazini". Chai hiyo ilikuwa ngumu kumeza, nawaambia.

Kwanza nilijaribu bila waya. Binamu yangu wa Litein aliniazima kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya TV. Picha ikaja, ikaganda, ikaja, ikaganda. Nilikaa kitako nikafikiri: picha inatoka kwa kompyuta hewani hadi kwa rauta, halafu inatoka tena kwa rauta hewani hadi sebuleni. Safari mbili kwenye njia ile ile. Nikaiunganisha kompyuta na rauta kwa waya ili ibaki safari moja, mambo yakawa afadhali kidogo, lakini kuna mabati. Ukiishi ndani ya mabati, unaishi ndani ya sufuria. Mawimbi yanagonga ukuta na kurudi.

Waya wa HDMI nao hauendi mbali hivyo. Ukipita mita 10 au 15, waya wa kawaida huanza kupoteza picha, na mimi nilipima hatua zangu kutoka mezani hadi kwenye TV nikapata mita 20. Mwenye duka Litein ndiye aliyenitoa ushamba. Aliniuzia visanduku viwili, kimoja cha kukaa kwa kompyuta, kingine kwa TV, na katikati yake unapita waya wa kawaida wa mtandao. Aliukata kutoka kwenye bunda, akabana vichwa vyake, akanionya: "Hii haichagui. Kinachoonekana kwako ndicho kitaonekana kule." Nilimwitikia kama mtu anayesikiliza.

Tulipitisha waya chini ya paa la jikoni, mbali na ule wa stima, Baba akishika ngazi. Tulikubaliana kwamba ngurumo ikianza tu, unachomolewa pande zote mbili. Kwetu mvua ya mawe haibishi hodi. Hapo kwenye ngazi ndipo aliponikumbusha habari ya babake Faith. Mwaka 2016, binti aliposhinda dhahabu ya mita 1500 Rio, kijiji chao cha Ndabibit, upande wa Keringet, hakikuwa na stima. Mzee akamwomba rais ailete ili naye amwone mtoto wake akikimbia. Ikafika baada ya siku chache.

"Yeye alimwomba rais," Baba akasema. "Mimi naomba wewe."

Tarehe 26 usiku sebule ilijaa majirani. Mimi nilibaki chumbani, maana kipanya kiko huku. Nikampigia Mama: mnaona? "Tunaona!" Nikasikia vicheko vikivuka uwanja. Mbio zilikuwa bado dakika kadhaa, na mkono, kwa mazoea ya wiki tatu, ukafungua baruapepe. Jibu la rufaa yangu lilikuwa limefika. Tunasikitika. Akaunti yako itabaki imefungwa. Nililisoma mara mbili kabla ya kugundua kwamba sebule imenyamaza.

Kisha nikasikia sauti ya dadangu, wa Form Three, anayesoma kila kitu kwa sauti hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Alifika hadi sahihi.

Simu ikalia. Ni Mama. "Hiyo barua iondoe. Mbio zinaanza."

Faith alikimbia kwa dakika 4, sekunde 6 na nukta 91, akaanguka chini baada ya mstari. Alitaka kushuka chini ya dakika 4. Jirani mmoja akasema, basi ameshindwa. Nilimsikia Baba kupitia simu ambayo Mama alisahau kuikata: "Kuna mwanamke mwingine unayemjua amekimbia hivyo?"

Majirani walipoondoka alikuja chumbani kwangu. Hakuwa amewahi kuingia tangu nianze "kazi". Alitazama kiti, vipokea sauti, kikombe cha asubuhi. Baba alichuma chai miaka mingi katika shamba kubwa upande wa Kericho, hadi mashine zikaletwa. Mei 2023 watu walipozichoma mashine za chai huko Kericho, alitazama habari kwenye TV ile ile bila kusema neno, na sisi hatukumuuliza.

"Sisi walitusomea majina uwanjani," akasema. "Mamako nilimwambia siku ya tano. Hizo siku nne nilikuwa natoka na kikapu."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kutembea."

Akauliza kama waya uchomolewe. Nikamwambia hakuna mawingu, uache.

Asubuhi saa nne Mama hakuleta chai. Aliniita niinywe jikoni, na mlangoni kulikuwa na vikapu viwili.