Gurudumu Lililobaki Hewani

Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Kwa miaka mingi niliamini gari la porini lazima liwe gumu. Langu lilikuwa Land Cruiser HZJ75, lile la zamani lenye springi za majani mbele na nyuma, kabla Toyota hawajaweka koili mbele mwaka 1999. Nililiongezea majani mazito, likasimama kama twiga, nami nikatembea kifua mbele. Abiria wakilalamikia migongo, nilicheka.

Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, karibu na Ziwa Natron, imekatwa na makorongo. Ukilivuka korongo mshazari, gurudumu moja la mbele hupanda ukingo, na la nyuma upande uleule hutakiwa kushuka lifuate ardhi. La kwangu halikushuka. Lilibaki hewani likizunguka bure, kwa kuwa difu ya kawaida huachia gurudumu lisilo na mzigo lizunguke, na lililo chini likose msukumo. Nililaumu matairi, nikanunua mengine. Nikalaumu mvua.

Siku moja nilivutwa hadi kwa fundi mzee ambaye niliwahi kumdhihaki mbele ya wateja wake, kisa gari lake lilikuwa fupi na limechakaa. Nilijua ananikumbuka. Hakugusia.

"Pandisha tairi moja kwenye magogo yale, kijana."

Nikapandisha. Gurudumu la nyuma likanyanyuka mapema. Akapanda na gari lake: ekseli zikajipinda, magurudumu yote manne yakabaki chini.

"Umeinua gari," akasema, "magurudumu umeyafunga."

Alitoa majani mazito akaweka membamba mengi zaidi, akayapaka grisi katikati yasikwaruzane. Kisha akanionyesha shokapu: zilikuwa fupi, zinafika mwisho wa kunyooka wakati springi bado ina nafasi ya kushuka. Kabla ya kufunga ndefu, alibana ekseli juu na kupima, mpira wa kuzuia ugonge kwanza. Vinginevyo shokapu ndiyo ingepokea pigo lote na kupasuka. Bomba la breki nalo akabadilisha, maana ekseli inayoshuka zaidi ingelikata. Mimi hilo la breki nisingeliwaza kamwe, na ningeua watu.

Alinitoza vipuri tu. Kwa ufundi wake alikataa hata shilingi, nami sikuwa na uso wa kubishana.

Sikupona mara moja. Kwenye lami gari lililala zaidi kwenye kona, nikaogopa. Msimu wa mizigo mizito nikarudisha jani moja nene kwa siri, gurudumu likaanza tena kuning'inia. Nikalitoa jani hilo mwenyewe na kupunguza mizigo ya juu ya paa. Hamu ya kuliongeza bado hunijia kila nikiona gari refu.

Kama lako nalo linaning'iniza gurudumu, usikimbilie dukani. Lipandishe kwenye jiwe tairi moja, weka kabari kwenye mengine, chungulia kutoka pembeni uone kinachokwama kwanza: springi, shokapu, au bomba la breki.