Mizani ya Unga

Baba yangu hakuwahi kumtafuta mteja hata siku moja. Alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kama babu alivyokuwa mtu wa Union Minière kabla serikali haijaitwaa mwaka 1967. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Hata mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondolewa Gécamines kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wazee wa mtaani kwetu waliendelea kuulizana nani ataajiri. Mji wetu wa Kolwezi, Kongo, ulizaliwa kuwa wa waajiriwa. Nilipobaki bila kazi mwaka 2019, bei ya kobalti ikiwa imeshuka hadi karibu theluthi ya ile ya mwaka uliotangulia, sikuwa na mzee wa kumwuliza: mteja anapatikanaje?

Mimi ni fundi wa kusuka mota zilizoungua. Kwanza nilikimbilia migodini, kama kila mtu. Sheria ya mwaka 2017 inasema kazi za ukandarasi mdogo ni za kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongo, nami niliisoma kana kwamba imeandikwa kwa ajili yangu. Nikajiandikisha, nikapata namba ya rejista ya biashara na namba ya kodi, nikapiga pasi shati. Kwenye lango moja niliambiwa niache bahasha kwa mlinzi. Kwingine nilipokewa vizuri na mtu wa manunuzi, kijana mwenye adabu, akanieleza kwamba malipo ni siku 60 baada ya ankara. Nikapiga hesabu nikiwa bado kwenye pikipiki. Waya ninanunua Lubumbashi, kilometa kama 300, kwa pesa taslimu. Mota moja ya pampu kubwa ingemeza mtaji wangu wote, nami ningekaa miezi miwili nikiisubiri benki.

Waya huo wenyewe hunichekesha hadi leo. Malori ya katodi za shaba yanatoka kwetu kutwa kucha kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na waya wa shaba ninaousukia mota umetengenezwa nje, unauzwa kwangu kwa kilo.

Habari za Mama mwenye mashine ya kusaga nilizipata kwa wanawake waliokuwa wakirudi na mahindi yao kichwani, yakiwa hayajasagwa. Mashine yake ilikuwa Dilala, si mbali na soko. Nilikwenda bila bahasha. Akanitazama mikono kabla ya uso.

“Ule wa mbele alikula mikuba yangu,” akasema.

Fundi aliyenitangulia alikuwa amekula shaba yake; sikuhitaji maelezo zaidi. Katika mji huu shaba inanunuliwa kila kona, na mota iliyoungua, kwa fundi mwenye njaa, ni kilo kadhaa za pesa. Anatoa waya mnene, anarudisha mwembamba, au anapunguza mizunguko, kisha anafunga kifuniko. Mota inalia kidogo, inapata joto, inakufa baada ya mwezi, na fundi hapokei tena simu. Mama akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia. Haikusaidia: ule wa mbele pia alikuwa mtoto wa mtu.

Niliporudi mara ya pili sikuzungumzia bei. Nilimwomba ruhusa nifungue mota palepale uani, yeye akiwa ameketi mbele yangu. Akavuta kiti. Kifuniko kilipotoka nikamwonyesha: makundi mawili ya waya yalikuwa meusi tii, la tatu bado lina rangi yake.

“Umeme wako unaingia kwa nyaya tatu, Mama. Mmoja ulikatika, mota ikaendelea kusukuma kwa mbili mpaka ikaungua. Hata nikiisuka kama ya kiwandani, siku waya mmoja ukikatika tena, tutarudi hapahapa. Kuna kifaa cha kuizima kabla haijaungua. Pesa yako ya kwanza iende huko.”

“Kwa hiyo ule hakuniibia?”

“Bado sijui. Tupime.”

Mizani ilikuwapo, ile ya kupimia unga. Nikahesabu mizunguko nikiandika daftarini, nikapima unene wa waya kwa mikromita, nikatoa shaba yote na kuiweka kwenye mizani mbele yake na mbele ya wateja wawili waliokuwa wamekuja kuuliza kama mashine imepona. Kilo nane na kidogo. Waya ulikuwa mwembamba kuliko mota ya ukubwa ule inavyotaka. Sikumtaja mtu, Mama alimtaja mwenyewe, kwa sauti. Kisha nikamwachia ile shaba kuukuu yote ndani ya mfuko. Akaiuza, na pesa yake ikaingia kwenye malipo ya kwanza ya waya mpya.

Tulivutana juu ya bei ya ufundi mpaka jua likazama. Tukakubaliana: waya, vanishi na kile kifaa analipa kabla, kazi yangu analipa mashine ikishasaga wiki nzima. Waya mpya nao ulipita juu ya mizani ileile kabla sijaanza kusuka. Sehemu ya ufundi nililipwa kwa unga. Mke wangu alipouona mfuko akasema sasa ninafanana na baba yangu, nikaona ananisifu.

Wiki haijaisha, mdogo wake Mama akanipigia simu. Ana depo ya kununua madini upande wa Musompo, na mota ya pampu yake ilikuwa imekufa.

“Fundi, bei gani?”

Nikamwambia mota inafunguliwa kwanza, yeye akiwapo, na mizani iwepo.

“Mizani haikosekani hapa,” akasema, “ila hii yangu wachimbaji hawaiamini.”

Nikapitia kwa dada yake kuazima ile ya unga.