Moto wa Kusindikiza

Asubuhi ya tarehe 16 Agosti, bibi aliyenikaribisha Kyoto alitoka jikoni na sufuria, akafungua mlango wa mbele, akamwaga kizingitini maji meusi yenye harufu ya bahari. Nikaruka nyuma. Nilikotoka mimi, kumwaga maji mlangoni wageni wakiwa bado wamo ndani ni ugomvi.

Bibi akacheka. Maji yale alikuwa amechemshia arame, mwani mweusi mwembamba kama nyuzi. Mwani wenyewe alishaupakua kwenye visahani na kuuweka mbele ya kimadhabahu cha nyumbani, kifungua kinywa cha mumewe na wakwe zake, wote marehemu. Maji ni ya kuwaambia kwa adabu kwamba siku zao zimekwisha, wafunge safari. (Nami niliyezoea kuona mwani wa Zanzibar ukianikwa tayari kwenda kuuzwa ng'ambo, siku hiyo ndiyo kwanza nikauona sahanini.)

Hiyo ndiyo Obon ya Kyoto. Marehemu hurudi kwao kuanzia tarehe 13, wakakaa siku nne. Ukisikia habari zake ukiwa mbali utadhani ni sikukuu ya mizimu ya kutisha. Mimi sikuona la kutisha. Niliona ugeni: watu wanapokelewa, wanalishwa, wanasindikizwa.

Kuwaita huanza mapema, kati ya tarehe 7 na 10, katika hekalu la Rokudo Chinno-ji. Nilipanga foleni huko uchochoroni na jasho likinitiririka, maana Kyoto imezungukwa na vilima na Agosti upepo hauingii. Dar es Salaam afadhali, kuna bahari. Karibu kila mtu alishika tawi bichi la mti wa koyamaki. Roho, wanasema, hushuka zikiwa zimepanda majani yake. Huitwa kwa kengele, lakini kengele yenyewe huioni. Imefichwa ndani ya kibanda, na kinachotokeza tunduni ni kamba tu. Kengele nyingine za mahekalu hugongwa kwa gogo, hii huvutwa kuja kwako. Ilipofika zamu yangu nikavuta, na mlio ukawa mzito, kama unaokwenda chini badala ya kusambaa. Kwa imani yao, mlio huo husikika hadi upande wa pili.

Jioni ya tarehe 16 tulikuwa kwenye kingo za mto Kamo, watu bega kwa bega. Nikamuuliza mzee mmoja, kwa Kijapani changu cha kuungaunga, kama hapo ndipo pa kuona "Daimonji-yaki", moto wa mlimani. Akanitazama kidogo. "Yaki, kuchoma, ni ya kuku na tambi," akasema kwa upole. Jina ni okuribi. Neno hilo halikunisumbua kulitafsiri: moto wa kusindikiza.

Saa mbili kamili usiku, nukta moja ya moto ikawaka katikati ya mlima upande wa mashariki, kisha mistari ikakimbia kutoka hapo hadi herufi "dai", yaani kubwa, ikasimama gizani kama mtu aliyenyoosha mikono na kutanua miguu. Ni mioto 75. Mikono ina urefu wa mita 80, mguu mmoja mita 160, mwingine 120. Baada ya dakika chache vilima vingine navyo vikawaka, kimoja kwa umbo la merikebu, kingine kwa umbo la lango la hekalu la Kishinto, lakini pale tulipokuwa sikuviona vyote.

Kuni ni za msonobari, na nyingi zina maandishi. Mchana karibu na hekalu la Ginkaku-ji nilikuta watu wakiandika kwa brashi jina na maradhi yao juu ya kijiti: mgongo, macho, moyo. Wageni wakiondoka, wanaondoka nayo.

Mwaka 1943, wakati wa vita, moto usiku ulikatazwa. Basi asubuhi watoto wa shule pamoja na wenyeji walipanda mlimani wamevaa mashati meupe, wakajipanga wao wenyewe kuwa herufi. Kwangu mimi, hakuna kitu kingine kuhusu mlima ule kinachopita hicho.

Pale mtoni hakuna aliyepiga makofi. Wengi waliunganisha viganja, wengine waliinua simu. Yule mzee aliinamisha kikombe chake cha sake mpaka mwanga wa moto ukaingia ndani, akanywa wote, ili asiugue. Baada ya kama nusu saa, mistari ikaanza kukatika.

Alfajiri nilipanda mlimani kutafuta mkaa, kama wanavyofanya wenyeji. Nilichelewa, vipande vikubwa vilikwisha kuchukuliwa, nikaambulia kimoja cha ukubwa wa kokwa ya tende. Bibi hakukidharau. Alikizungushia karatasi nyeupe, akakifunga kwa uzi, akakitundika juu ya mlango ule ule alioumwagia maji, kizuie wezi na maradhi mpaka Agosti nyingine.