Sababu Nyinginezo

Kila risala ya mahafali ya kidato cha nne ina sentensi ambayo wahitimu hurithishana mwaka hadi mwaka. Huja baada ya kumkaribisha mgeni rasmi na kabla ya kuorodhesha changamoto. Inataja idadi ya walioanza kidato cha kwanza, wavulana na wasichana, kisha idadi ya waliosimama siku hiyo mbele ya wazazi, halafu inamalizia kwamba upungufu huo umetokana na uhamisho, utoro na sababu nyinginezo. Mwaka 2021 niliiandika kwa mkono wangu, nikisaidiana na kaka mkuu, na mimi ndiye niliyeisoma kwenye kipaza sauti. Watu walipiga makofi, tukaendelea na aya ya mafanikio.

Kijiji chetu, Mwamgongo, kiko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Hifadhi ya Gombe upande wa kaskazini. Ukitoka Kigoma mjini unapanda boti Kibirizi, unaipita Mtanga, unaipita Gombe yote na misitu yake, ndipo unashuka. Barabara yetu ilikuwa maji. Enzi za mama zetu, mtoto aliyefaulu darasa la saba alifungiwa sanduku akapandishwa boti, akaenda kuwa mgeni wa watu mjini. Waliofaulu walikuwa wachache, na katika hao wachache wapo waliobaki nyumbani kwa kukosa nauli, au kwa kukosa ndugu wa kuwapokea. Shule za kata zilizojengwa kwa kasi nchi nzima kuanzia mwaka 2006 ndizo zilizobadilisha mambo. Sisi tulioingia kidato cha kwanza Januari 2018 tulikuta hata ile ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka imeshafutwa. Kwa wazazi wetu hapo vikwazo vilikuwa vimekwisha: shule ipo, ada hakuna, mtoto anarudi kulala kwao.

Kilichobaki kilikuwa mwezi.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Vipe hutoka jioni, kila kipe mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, na taa zinawashwa juu ya maji ili dagaa wajikusanye chini yake, kisha wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hizo hazina kazi. Kwa hiyo mwezi unapokuwa mpevu vipe hupumzika mwaloni, nyavu zinashonwa, watu wanalala majumbani kwao. Mwezi ukifa, giza linaingia na watu wanarudi kazini. Darasa letu liliishi kwa kalenda hiyo. Siku za mbalamwezi wavulana walijaa, kelele hadi mwalimu wa zamu anakuja mlangoni. Giza likiingia, madawati ya nyuma yanaanza kubaki wazi, na wanaokuja wanakuja na macho mekundu na viganja vilivyochunwa na kamba.

Mmoja wao alikaa mbele yangu kidato cha pili. Alikuwa amejifunza kulala huku kalamu imesimama juu ya daftari, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayenakili ubaoni. Ungemtambua kwa mstari wa wino tu: unaanza kwenye neno, unateremka taratibu, unakata mistari mitatu minne ya daftari, unaishia pembeni. Madaftari yake yote yalikuwa na mistari hiyo. Baba yake alikuwa amefariki na wadogo zake walikuwa wanne, na dagaa aliogawiwa alfajiri ndio walionunua unga wa siku hiyo.

Siku moja kwenye kipindi cha Jiografia tulikuwa tunasoma Bonde la Ufa. Mwalimu alichora ziwa letu ubaoni, refu, jembamba, akaandika kina chake: mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Yule mwenzetu aliamka. Akanyoosha mkono, akauliza dagaa wanaishi wapi katika kina chote hicho. Mwalimu akaweka chaki chini, akaeleza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo haina hewa ya kumtosha samaki, kwamba maisha karibu yote yako kwenye tabaka la juu, na kwamba dagaa hupanda usiku kufuata chakula, ndiyo maana taa huwakuta karibu. Halafu yeye akauliza: wavu mnaushusha pima ngapi? Kipindi kilichobaki kilikuwa cha wavulana wa nyuma. Walimfundisha mwalimu, naye aliandika.

Baada ya hapo mazoezi yake ya mwisho wa mwezi yalihama. Hakutangaza chochote. Tuligundua wenyewe kwamba yanaangukia siku za mbalamwezi, na kwamba watu wa madawati ya nyuma wanayafanya wakiwa macho. Nimewahi kusikia semina nyingi zikizungumzia mazingira rafiki ya kujifunzia. Kwangu mimi hayo ndiyo mazingira rafiki: mwalimu mmoja aliyeangalia angani kabla ya kupanga mtihani.

Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona. Sisi tulikuwa kidato cha tatu, na tulirudi tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo giza liliingia likatoka na tena likaingia, na hakuna kengele iliyomwita mtu kutoka mwaloni. Wavulana waliokuwa wakienda ziwani kwa kuibia sasa walihesabiwa kama watu kamili wa kipe, wakapata mgawo kamili. Kengele ilipolia tena, wapo waliokwishakuwa wavuvi. Unamwambiaje mtu wa namna hiyo arudi kuvaa kaptula ya shule?

Mwaka huo na uliofuata maji ya ziwa nayo yalipanda. Mchanga tuliozoea kuanikia dagaa ukamezwa, chanja zikahamishwa juu, zikabanana kati ya nyumba. Kuanika dagaa ni kazi ya wanawake na mabinti: unawatandaza asubuhi, unawageuza, unakimbizana na wingu. Nafasi ilipopungua, kazi ikaongezeka. Kina mama walianza kuwaombea ruhusa mabinti siku mojamoja, kisha siku mbilimbili. Nao waliandikwa watoro.

Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza hakurudi kabisa tarehe 29 Juni. Alikuwa mjamzito. Sisi sote tulijua maana yake, kwa kuwa mwaka 2017 Rais John Magufuli alikuwa ametamka hadharani kwamba binti aliyepata mimba hatarudi shuleni. Kwao si mbali na shule, na kengele yetu ilikuwa ikimfikia pale jikoni kwa mama yake. Alikuja kwenye mahafali yangu akiwa na mtoto mgongoni. Wakati wa kutunza wahitimu alipanga foleni na mama zetu, ilipofika zamu yake akanivisha shada la karatasi za kung'aa shingoni, akanikumbatia, akasema, "Shoga, umesoma vizuri." Nilikuwa nimemaliza kumsoma yeye pia, ndani ya zile sababu nyinginezo, dakika chache kabla.

Tulifanya mtihani wa taifa Novemba. Mwezi huohuo, tarehe 24, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Habari ilifika kwetu kwa redio. Mama yake rafiki yangu alikuja nyumbani jioni hiyo kuuliza kama tumesikia alichosikia yeye. Mwaka uliofuata alibaki na mjukuu, binti akaingia darasani na watoto wa rika la wadogo zetu, na alipomaliza, mimi ndiye niliyepanga foleni na shada. Kwenye risala ya darasa letu yeye ni upungufu. Kwenye risala ya darasa lililompokea alipaswa kutajwa kama ongezeko, lakini sentensi tunayorithishana haina nafasi ya ongezeko. Nawaomba wanaoandika risala mwaka huu waitafutie nafasi.

Tangazo lile liliwahusu hata wavulana, lakini halikugusa usiku wa giza ziwani. Kilichokaribia kufanya hivyo kilikuja mwaka 2024. Kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tangu nipate akili sikuwa nimewahi kuona usiku wa giza usio na taa hata moja ziwani. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshaanza kutoka na vipe, alilala kitandani mwake, akaamka, akaenda shule. Lakini nyumba nyingine fedha ilikatika, na vijana wao wakapanda milimani kulima vibarua au wakaenda mjini, wakapotea darasani kuliko hata wakati wa dagaa. Mjadala niliousikia ulihusu samaki na kipato. Wa darasani sikuusikia.

Yule mwenzetu wa kalamu sasa ana hisa kwenye kipe. Nilimuuliza kama anachukua wanafunzi. Akasema, "Dada, nikimkataa anakwenda kwa tajiri mwingine. Mimi angalau namrudisha mapema." Sikupata la kumjibu, na bado natafuta.

Shule zote za mwambao wetu, kutoka Mtanga hadi Kagunga, hutunza madaftari ya mahudhurio. Ya Julai 2024 yafunguliwe, yawekwe kando ya yale ya Julai 2023, na pembeni yawekwe kalenda ya mwezi. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye rula na kalamu, na halmashauri, maofisa uvuvi na wazazi wangekuwa na kitu cha kuzungumzia kabla ziwa halijafungwa tena. Nimeshamwambia mdogo wangu, naye amesema darasa lake liko tayari kuanza.