Kutoka Rika hadi Tarehe

Mwulize umri mzee wa Imenti au Tigania, huko Meru, aliyezaliwa kabla ya Uhuru, na huenda akakujibu kwa jina badala ya nambari: Gichunge, au Kiramunya. Hilo ni nthuki lake, rika la wote waliotiwa jandoni kipindi kimoja naye, na ukishalijua unajua wa kumheshimu na wa kutaniana naye. Embu nako umri ulikuwa wa kundi. Siku yenyewe ya kuzaliwa haikuwekwa akilini kwa kuwa haikuwa na kazi. Kilichokumbukwa ni mvua, njaa, au kama mtoto alikuja kabla ya hali ya hatari ya 1952 au baada yake.

Tarehe ililetwa na karatasi. Hospitali za misheni zilifunguliwa Chogoria mwaka 1922 na Maua mwaka 1928, na makanisa yakaanza kuwaandika watoto kwenye daftari za ubatizo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kusajili vizazi na vifo tangu 1928, lakini usajili wa lazima haukuenea nchi nzima hadi 1971. Katikati ya miaka hiyo vijana walikuwa tayari wanakwenda kusoma ng'ambo. Jeremiah Nyagah wa Embu alitoka Makerere akaenda Oxford, na mwaka 1959 ndege iliyopangwa na Tom Mboya ikapeleka wanafunzi 81 Marekani. Fomu ya pasipoti haina nafasi ya kuandika rika. Inataka siku, mwezi na mwaka, na asiyejua siku yake aliandikiwa mara nyingi 1 Januari. Ndiyo maana nasema kwamba kwa wengi wa kizazi kile siku ya kuzaliwa ilianza kama sharti la safari, na sherehe ikafuata baadaye sana. Hebu fikiria: mtu anapongezwa na wenyeji wake kwa siku ambayo mama yake hakuwahi kuisikia.

Wapo wanaosema kwamba basi jambo lenyewe ni la kuiga, keki na mishumaa ya Wazungu, na kwamba kumsherehekea mtu mmoja peke yake kunavunja umoja wa rika. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kilichotokea katika shule zetu za bweni. Huko mwenye bathidei hatafutwi kwa keki. Anatafutwa kwa ndoo. Wenzake wanamvizia nyuma ya bweni, wanammwagia maji baridi kutoka kichwani hadi viatuni, naye anakimbia akicheka huku sare imemgandia mwilini. Hakuna Mzungu aliyetufundisha hilo, na aliyemwagiwa leo kesho ndiye mwenye kushika ndoo. Tarehe ni ya mtu mmoja, lakini furaha yake imerudishwa mikononi mwa rika.

Ng'ambo ndiko jambo hili linakoonekana waziwazi, kwa sababu huko rika halipo tena. Mwanafunzi wa kutoka Runyenjes au Nkubu anaamka siku yake katika chumba ambamo hakuna anayejua jina lake lilitoka wapi. Zamani barua ya ndege ilichukua siku nyingi, na pongezi zikafika siku ikiwa imeshapita. Leo mambo yamegeuka: saa sita usiku ikifika Meru, Texas ni saa tisa alasiri ya siku iliyotangulia, majira yao ya baridi, kwa hiyo sauti ya mama kwenye simu inaitangulia siku yenyewe. Jioni wanakuja Wakenya wa mji ule, Mluo na Mkamba na Mmeru, kila mmoja na sufuria yake. Mukimo unapondwa kwa mahindi ya mkebe na mchicha wa dukani. Wale ndio rika jipya. Hawakutahiriwa pamoja, lakini wamevuka pamoja jambo gumu.

Utaniambia simu imerahisisha mno, kwamba picha ya keki kwenye WhatsApp si kumkumbuka mtu. Nakubali kwamba ujumbe uliotumwa kwa watu hamsini haumfikii yeyote. Lakini kosa hapo ni uvivu wetu, simu haina hatia. Kwa desturi ya Embu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo siku aliyozaliwa ni siku jina la mzee lilipoanza kuitwa upya. Hiyo ni habari ambayo hakuna kadi inayoweza kuibeba. Wewe uliye na mtoto masomoni mbali, siku yake ikifika usimtumie picha ya maua. Mpigie, umsimulie ilikuwa msimu gani, nani alikuwepo, na aliyempa jina alikuwa wa rika gani.