Wasichana wa Butere

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Hapa Navakholo leo ni Butere tu. Kwa kinyozi, stejini kwa bodaboda, kila simu ina video ile: wasichana wa shule ya Butere Girls wako Nakuru kwenye tamasha la drama, wamepanda jukwaani, wameimba wimbo wa taifa, wameondoka. Tamthilia yao, Echoes of War, haikuchezwa. Mwandishi wake, Cleophas Malala, alikamatwa jana. Ukumbini hapakuwa na watazamaji, na huko nje polisi wamerusha vitoa machozi. Haya yote wakati Mahakama Kuu iliamuru juma lililopita mchezo uruhusiwe! Nina hasira, usingizi hauji.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba ile ni siasa, kwa kuwa Malala alikuwa seneta wetu. Nimembishia. Tamthilia ya Shackles of Doom ya shule hiyo hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2013, hadi Mahakama Kuu ikairudisha jukwaani. Malala aliyeiandika hakuwa seneta bado.

Lakini kinachonishika zaidi ni kile ambacho hakikuandikwa na Malala. Wasichana wale walichagua wimbo ambao hakuna afisa awezaye kuukatiza, ambao hata askari husimama wima akiusikia. Lahani yake ilitoka kwenye bembelezi la Wapokomo. Wakauimba mbele ya viti vitupu, na utupu ule ukawa sehemu ya mchezo. Kisha wakatoka. Nimefundisha drama muda mrefu, na hakuna kinachonisumbua kama kumfunza mwanafunzi saa ya kuondoka jukwaani. Wao waliijua. Mimi naiita sanaa, tena iliyokomaa.

Alhamisi, 29 Mei

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki jana, Marekani. Nimewaza kijiji cha Kamĩrĩĩthũ siku nzima. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa huko Limuru waliigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakiwa waandishi, nao wanakijiji wakirekebisha maneno mazoezini. Serikali ikafuta kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi waliojijengea ukabomolewa. Pale mtu wa shamba la chai alidai haki yake kwa kuigiza maisha yake mwenyewe, na sioni ningekata wapi niseme huku ni uanaharakati, kule ni sanaa.

Jumatano, 25 Juni

Mwaka mmoja tangu vijana waingie Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha. Mabango yao, nyimbo zao, bendera mabegani: hayo nayaita sanaa bila kusita. Ila leo neno limenikwama. Jukwaani aliyeuawa huinuka, akashika mikono ya wenzake, akainama tukimpigia makofi. Waliopigwa risasi siku ile hawakuinuka. Sitakubali vifo vyao viitwe onyesho, hata na anayewasifu. Kwa hao nataka mashtaka, mashahidi na hukumu.